Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Michezo Mikubwa na Miji Yetu



Vijana wetu wa Lubumbashi wakitoka uwanjani Kamalondo siku ya mpira huulizana swali moja: Mbona michezo mikubwa ya mataifa haiji kwetu? Wameona Kinshasa ilivyopokea Michezo ya Francophonie tangu tarehe 28 Julai hadi tarehe 6 Agosti 2023. Wameona Kigali ilivyowapokea waendeshaji baisikeli wa dunia nzima mwezi wa Septemba 2025, yaani wapanda kinga kama tusemavyo hapa kwetu, katika mashindano ambayo hayakuwahi kufanyika barani Afrika hata mara moja. Tena wamesikia kwamba Kenya, Uganda na Tanzania zimekabidhiwa kwa pamoja Kombe la Afrika la mwaka 2027. Ndipo wanapouliza: Na sisi je?

Wazee nao huwajibu kwa swali lingine: Na maji je? Na mifereji ya Katuba je? Na shule zisizo na madawati je?

Maswali hayo mawili yote ni ya haki. Anayecheka la kwanza hawajui vijana, na anayecheka la pili hawajui maskini. Hatutaki basi kumpa mmoja ushindi bila kufikiri. Twataka kuuliza jambo lililo chini ya maswali hayo: Je, ni haki mji kujijenga upya kwa ajili ya wageni watakaokaa siku kumi au mwezi mmoja, kisha kwenda zao? Na kama ni haki, ni kwa masharti gani?

Ramani ya mji ni jambo la haki

Watu wengi hudhani kwamba kupanga mji ni kazi ya wahandisi tu, wenye kamba, rula na darubini za kupimia. Sivyo. Anayechora ramani ya mji anaamua nani atakaa karibu na nani atakaa mbali. Nani atakwenda kazini kwa miguu saa mbili, na nani atafika kwa dakika kumi. Mtoto wa nani atapata kiwanja cha kuchezea, na wa nani atacheza barabarani mbele ya malori.

Sisi wa Lubumbashi hatuhitaji kufundishwa neno hili na wageni. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ukaitwa Élisabethville. Waliouchora waliweka makao ya Wazungu upande mmoja na makao ya Waafrika upande mwingine, na katikati wakaacha ukanda wa ardhi tupu, upana wake mita mia kadhaa. Walisema ni kwa ajili ya afya, ili mbu na magonjwa yasivuke. Ramani ile haikuandikwa neno la dharau hata moja. Lakini kila mfanyakazi aliyeuvuka ukanda ule asubuhi na jioni alielewa ulichosema. Kamalondo ilianza miaka ya 1920, kisha Kenya, na baadaye, katika miaka ya 1950, Katuba na Ruashi. Sheria za utengano zimekufa zamani, lakini barabara na umbali zilizoachwa nyuma bado twazitembea.

Basi, jambo lolote linalokuja kuibadili ramani ya mji kwa nguvu na kwa haraka ni jambo linalogusa haki. Na hakuna jambo linalobadili ramani kwa haraka kuliko michezo mikubwa ya mataifa.

Nguvu ya siku iliyowekwa

Kwa nini michezo hii ina nguvu hivyo? Kwa sababu ina siku yake, na siku hiyo haisogei kwa urahisi. Barabara yaweza kungoja miaka thelathini. Kila serikali inaahidi, kila serikali inaahirisha, na hakuna anayeona haya. Lakini mataifa yakiisha kualikwa kwa tarehe fulani, mwenyeji anayechelewa anaaibika mbele ya dunia yote. Kwa ajili ya kuikimbia aibu hiyo, mambo yaliyolala huamka.

Na kweli, mengine huamka kwa faida. Barcelona, katika nchi ya Hispania, ilipokea Olimpiki mwaka 1992. Kabla ya hapo mji ule ulikuwa umeipa bahari mgongo, kwa kuwa viwanda vya zamani na njia za reli zilikuwa zimeifunga pwani. Kwa sababu ya michezo, reli zikahamishwa, viwanda vilivyokufa vikaondolewa, na watu wakaipata pwani yao. Johannesburg, ilipokuwa ikijitayarisha kwa Kombe la Dunia la mwaka 2010, ilianzisha mwaka 2009 mabasi makubwa yenye njia yao wenyewe, yaitwayo Rea Vaya, yakiunganisha Soweto na katikati ya mji. Soweto ilikuwa imejengwa mbali makusudi, kwa wazo lile lile lililochora ukanda wetu tupu. Basi linalofupisha umbali huo si kazi ya wahandisi peke yake. Ni malipo kidogo ya deni la zamani.

Lakini siku iliyowekwa ina upande wa pili. Mjenzi mwenye mkataba anajua kwamba serikali haiwezi kungoja. Kwa hiyo bei hupanda. Mkubwa anayetia sahihi anajua kwamba hakuna nafasi ya kuulizwa. Kwa hiyo hesabu hujificha. Mwenye nyumba iliyo njiani anaambiwa kwamba hakuna wakati wa kesi. Kwa hiyo anaondoka kwanza, na fidia yake inangojwa baadaye, pengine hata kaburini. Haraka ile ile inayojenga daraja kwa miezi sita ndiyo inayobomoa nyumba kwa usiku mmoja. Hatuwezi kuisifu kwa la kwanza tukafumba macho kwa la pili.

Kinshasa ya mwaka 1974

Nchi yetu ina mfano wake mkubwa, nao unafaa kuangaliwa vizuri. Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana ngumi Kinshasa, katika uwanja ulioitwa wakati huo Uwanja wa Tarehe 20 Mei. Serikali ya Mobutu ilikubali kwamba kila mpiganaji apate dola milioni 5. Pigano lilikuwa limewekwa tarehe 25 Septemba, lakini Foreman alijeruhiwa juu ya jicho katika mazoezi, wakaahirisha. Ali alishinda katika raundi ya nane, na watu wakapiga kelele ya furaha ambayo wazee wa Kinshasa hawajaisahau.

Sisi hatuidharau furaha ile. Mwafrika wa Amerika alirudi katika bara la mababu zake, na ulimwengu wote ukatazama mji wa Kiafrika bila kutazama vita wala njaa. Hilo lilikuwa na thamani yake.

Lakini tazameni jambo moja dogo. Pigano lilianza yapata saa kumi ya alfajiri. Kwa nini saa hiyo, wakati watu wenye kazi wamelala? Kwa sababu Amerika ilikuwa bado jioni, na Waamerika ndio waliolipa ili kutazama kwa televisheni. Hata saa za mji ziligeuzwa kwa ajili ya walio mbali. Mwenyeji alikesha ili mgeni atazame baada ya chakula chake.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi zaidi. Katika miaka ile mkoa wetu uliitwa Shaba, na shaba ndiyo iliyoiletea nchi sehemu kubwa ya pesa zake za kigeni. Katika mwanzo wa mwaka 1974 bei ya shaba duniani ilikuwa juu sana, na serikali ilijiona tajiri. Kabla ya mwaka kwisha bei ilikuwa imeanguka, na mwaka 1975 nchi ikaanza kushindwa kulipa madeni yake. Hatusemi kwamba ngumi ndizo zilizoivunja nchi. Zilikuwa kitu kidogo kati ya matumizi mengi ya fahari. Twasema hivi: aliyechimba shaba Kipushi au Kolwezi hakuulizwa kama jasho lake linunue usiku ule. Na mtu asiyeulizwa juu ya jasho lake ametendewa kama chombo, hata akiitwa mwananchi mara mia.

Wanaohamishwa

Katika michezo hii hakuna jambo baya kuliko kuwafukuza maskini ili wageni wasiwaone. Seoul, katika Korea ya Kusini, ilipokea Olimpiki mwaka 1988. Shirika moja la Geneva la kutetea haki ya makao lilitoa hesabu yake mwaka 2007, likasema kwamba watu 720,000 walitolewa katika nyumba zao katika miaka ya kujitayarisha. Cape Town, kabla ya Kombe la Dunia la mwaka 2010, watu wengine wasio na makao walipelekwa mahali paitwapo Blikkiesdorp, maana yake kijiji cha mabati. Waliambiwa kwamba ni kwa muda. Miaka kumi baadaye walikuwako watu waliokuwa bado wanaishi katika mabati yale, yenye joto kali wakati wa jua na baridi kali wakati wa mvua, wakati uwanja mpya wa mji ule umegharimu randi zaidi ya bilioni 4.

Wasomaji wetu wanakijua kisa cha Nabothi na mfalme Ahabu. Mfalme hakutaka shamba lile kwa njaa. Alikuwa na mashamba mengi. Alilitaka kwa kuwa lilikuwa karibu na jumba lake, nalo lingempendeza. Alitoa hata ahadi ya fidia. Lakini kwa Nabothi ardhi ile ilikuwa urithi wa baba zake, haikuwa bidhaa. Kosa la Ahabu lilianza kabla ya damu kumwagika. Lilianza pale alipodhani kwamba uzuri wa nyumba yake unatosha kuwa sababu ya mwenzake kuondoka.

Wengine watasema: Je, mji usijenge barabara kamwe kwa kuwa kuna nyumba njiani? La hasha. Mwalimu yeyote wa maadili atawaambia kwamba mali ya mtu mmoja yaweza kutolewa kwa faida ya wote, kama haja ni ya kweli, kama hakuna njia nyingine, na kama mwenye mali analipwa haki yake kabla ya kuondoka, si baadaye. Lakini faida ya wote ni maji, ni njia ya kwenda hospitali, ni mfereji wa kuzuia mafuriko. Kuwapendeza wageni macho si faida ya wote. Umaskini hauponi kwa kufunikwa na ukuta uliopakwa rangi nzuri.

Siku ya baada ya sherehe

Kisha wageni huondoka. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni huyu hapewi jembe. Anapanda ndege, na jembe anaachiwa mwenyeji.

Montreal, mji wa Kanada, ulipokea Olimpiki mwaka 1976. Deni la michezo hiyo lilimalizika kulipwa mwaka 2006. Miaka thelathini! Mtoto aliyezaliwa mwaka wa sherehe alikuwa mtu mzima mwenye watoto, naye bado alikuwa akilipa karamu asiyoila. Athens, Ugiriki, nchi iliyoanzisha Olimpiki ya kale, ilijenga viwanja vingi kwa michezo ya mwaka 2004, na vingi vyake vikafungwa na kuachwa baada ya muda mfupi. Wala tusiende mbali hivyo. Jirani zetu wa Brazzaville walijenga mahali paitwapo Kintélé, nje ya mji, uwanja wa watu 60,000 kwa Michezo ya Afrika ya mwaka 2015. Ni uwanja mzuri kuutazama. Lakini uko mbali na mitaa ya watu, na uwanja ulio mbali na watu hufa njaa kama mti uliopandwa penye mwamba.

Linganisheni na uwanja wa Dar es Salaam uliofunguliwa mwaka 2007, unaoitwa leo kwa jina la rais Benjamin Mkapa. Huo nao ni mkubwa, wa watu 60,000, nao ulijengwa kwa msaada wa China. Lakini ulijengwa Temeke, kando ya uwanja wa zamani, katikati ya watu, katika mji wenye Simba na Yanga. Hata pasipo na michezo ya mataifa, watu wanaujaza. Wageni walipofika Agosti 2025 kwa Kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, waliukuta uwanja una wenyewe. Mgeni anayekuta nyumba yenye wenyewe anaacha baraka. Akikuta nyumba iliyojengwa kwa ajili yake tu, anaacha ufunguo na deni.

Na Kinshasa ya mwaka 2023? Michezo ya Francophonie ilikuwa imepewa kwanza miji miwili ya Kanada, Moncton na Dieppe, ifanyike mwaka 2021. Lakini makisio ya gharama yalipanda kutoka karibu dola milioni 17 za Kanada hadi karibu milioni 130, na mapema mwaka 2019 serikali ya jimbo lile ikajitoa. Kinshasa ikaupokea mzigo huo. Siku zikaahirishwa mara mbili. Gharama zikawa gumzo katika nchi nzima, na watu wakauliza pesa zilikwenda wapi. Hata hivyo michezo ilifanyika, vijana wa mataifa mengi walifika na kurudi kwao salama, na uwanja wa zamani wa Tata Raphaël ulitengenezwa upya. Tutahukumu nini? Twasema kwamba hukumu bado haijakwisha. Jibu litatolewa na watoto wa Kalamu: kama milango inafunguliwa kwao jioni, ilikuwa kazi njema, kama imefungwa kwa kufuli na askari amekaa mbele, ilikuwa karamu ya wengine.

Lakini watu hawaishi kwa mkate tu

Hapa wazee wetu watafurahi, wakidhani tumesema nao. Ngojeni kidogo. Kuna mtu mmoja katika Injili aliyelalamika juu ya gharama. Maria wa Bethania alipomimina manukato ya thamani kubwa, mtu huyo alisema yangeuzwa, maskini wapewe pesa. Neno lake lilikuwa zuri masikioni, lakini moyo wake haukuwa kwa maskini. Alikuwa mwenye kushika mfuko, na mkono wake ulikuwa mwizi. Twajifunza mambo mawili. La kwanza: si kila gharama ya furaha na heshima ni upotevu. La pili: pesa isipotumiwa kwa sherehe, haifuati kwamba itawafikia maskini. Wako wanaopinga uwanja wa michezo, kumbe wanataka kiwanja kile wakigawanye vipande na kukiuza.

Maskini naye ana haki ya furaha. Mwulizeni yeyote wa Lubumbashi aliyekuwako tarehe 8 Novemba 2015, TP Mazembe ilipoifunga USM Alger ya Aljeria mabao 2 bila jibu na kutwaa kombe la Afrika mara ya tano. Watu wa makabila mbalimbali, wa Kenya na wa Golf, maprofesa na wauza makala, walikumbatiana barabarani. Mji uliochorwa ili watu wasikutane ulikutana. Hiyo si kitu kidogo. Sheria haiwezi kuamuru watu wapendane jioni moja, mpira uliweza.

Tena kumbukeni mpira huo ulivyoanza. Wamonaki Wabenediktini walianzisha timu ile mwaka 1939, wakaipa jina la Mtakatifu Joji. Jirani yake, Saint-Éloi Lupopo, ni timu iliyotoka kwa watu wa reli, ikichukua jina la mtakatifu msimamizi wa wafua vyuma. Hawakuanza na uwanja wa mataifa. Walianza na vijana waliokuwa pale, na mpira mmoja. Uwanja wa Mazembe wa Kamalondo, wa watu wapatao 18,000, ulifunguliwa mwaka 2011 tu, baada ya timu kuwa imekwisha kutwaa makombe manne ya Afrika. Watu walitangulia, jengo likafuata.

Padre Raphaël de la Kethulle, mmisionari wa Scheut, alifanya vivyo hivyo Kinshasa. Alianza na shule na vyama vya michezo vya vijana, kisha mwaka 1952 ukafunguliwa uwanja mkubwa, ukapewa jina la mfalme wa Wabelgiji. Leo una jina lake yeye, Tata Raphaël. Uwanja ule haukukaa kimya kama wakubwa walivyotaka. Tarehe 4 Januari 1959 watu waliotoka kutazama mpira walikutana barabarani na watu waliokatazwa mkutano wao wa siasa. Ghasia za siku ile ziliharakisha uhuru wa nchi. Basi uwanja ukiisha kuwa wa watu, watu huuingiza mambo yao yote: michezo, vilio, sala. Katika uwanja mwingine wa Kinshasa, ule wa Mashahidi, Baba Mtakatifu Fransisko alikutana na vijana na makatekista tarehe 2 Februari 2023. Na miezi mitatu tu kabla ya hapo, tarehe 29 Oktoba 2022, watu 11 walikufa humo katika msongamano wa tamasha la muziki. Jengo ni lile lile. Tofauti iko katika namna watu wanavyotunzwa ndani yake.

Maswali matatu ya kupimia

Kutokana na hayo yote twapata kipimo. Siku watakapotuambia kwamba Lubumbashi itapokea michezo mikubwa, tusipige vigelegele mara moja, wala tusinune. Tuulize maswali matatu, kwa adabu na kwa sauti.

Kwanza: Ni nani anahamishwa, na anakwenda wapi? Jibu lisitolewe kwa maneno kama «watashughulikiwa». Litolewe kwa majina ya mitaa, kwa fidia iliyolipwa kabla, na kwa makao yaliyo karibu na kazi na shule.

Pili: Kitu hiki kitatumiwa na nani siku ya baada ya sherehe? Barabara iendayo uwanja wa ndege peke yake ni ya wageni. Barabara iendayo Ruashi na Katuba, yenye mifereji na njia ya waendao kwa miguu, ni ya wenyeji, na wageni nao watapita. Afadhali viwanja kumi vidogo katika komini zote saba kuliko kimoja kikubwa porini.

Tatu: Nani analipa, na nani anaona hesabu? Kama hesabu haiwezi kuonyeshwa kwa anayelipa, ni kwa sababu hawezi kuikubali. Wala tusisahau walipaji wasio na sauti, yaani watoto ambao bado hawajazaliwa. Kuwakopea wao barabara na maji yatakayowafaa ni halali. Kuwakopea sherehe yetu ni kuwaibia.

Maswali hayo si ya Lubumbashi tu. Viwanja vipya vimeanza kujengwa Nairobi, Arusha na Hoima kwa ajili ya Kombe la Afrika la 2027. Nairobi inaujua ukweli huu tangu zamani: uwanja wa Kasarani ulijengwa kwa Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, ukavuta mji upande wake. Ndugu zetu wa Hoima, mji mdogo kuliko Nairobi mara nyingi, wana sababu kubwa zaidi ya kuuliza swali letu la pili.

Wajibu wetu wenyewe

Mtu atasema: Sisi watu wadogo wa parokia tutafanya nini? Mambo haya huamuliwa na wakubwa.

Kuna jambo moja lililo mikononi mwetu leo, bila kungoja Olimpiki. Tazameni viwanja vidogo vya mitaa yetu, kile cha nyuma ya shule, kile cha kando ya kanisa, kile cha soko la zamani. Kila mwaka kimoja chapotea. Asubuhi moja twaona matofali yamemwagwa, kisha ukuta, kisha nyumba, na watoto wanasogea barabarani. Nani aliuza? Nani alinyamaza? Mji unaoota uwanja wa watu 60,000 na huku unauza kiwanja cha watoto 22 unafanana na mtu anayenunua sahani za karamu na kuuza sufuria. Mazembe haikutoka katika saruji. Ilitoka katika vumbi la viwanja kama hivyo. Wababa na wamama wa jumuiya wakisimama pamoja mbele ya bourgmestre na kuuliza karatasi ya kiwanja iko wapi, watakuwa wamefanya kazi ya kupanga mji, hata kama hawajui kushika rula.

Vijana nao tusiwavunje moyo. Hamu yao ya kuuona mji wao ukiheshimiwa ni hamu njema. Tuwafundishe tu kwamba heshima ya mji haitoki katika macho ya mgeni. Mgeni anayefika kwenye nyumba iliyofagiliwa kwa ajili yake leo, huku watoto wa nyumba wamefichwa nyuma, hatadanganyika muda mrefu. Bali akikuta watoto wanakula na kucheza, ataketi nao hata kama mkeka ni wa zamani.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ahame, wala mwenyeji akope. Michezo ikija Lubumbashi na mwenyeji akapona, yaani akapata maji, njia, kiwanja na furaha yake, na aje mgeni, tena upesi. Lakini ikija ili mwenyeji augue, tuwe na ushujaa wa kusema, kama walivyosema wale wa jimbo lile la Kanada: Asanteni, mwaka huu hatuwezi, tunajenga nyumba kwanza.